Pilsner ya Kijerumani Mombasa: kasoro zinazojirudia na jinsi ya kuzitatua

Bia nyeusi ina kimea kilichokaangwa cha kufunikia makosa. Pilsner ya Kijerumani haina. Ni kimea cheupe cha shayiri, maji, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na hamira, basi, na kilichoharibika utakiona kwenye glasi na kukisikia puani. Mtindo wenyewe ulianzia Plzeň, Bohemia, mwaka 1842, kwa mkono wa Mbavaria Josef Groll. Wajerumani wakaja kuufanya mkavu na mchungu zaidi. Wao walikuwa na mapango ya baridi chini ya ardhi. Sisi tuna kaskazi.

Ndiyo maana malalamiko mengi ninayoyasikia, yawe ya Nyali, Bamburi au Mtwapa, mzizi wake ni joto au maji. Mtu hubadilisha hopsi, akaagiza kimea kingine, na kumbe kipimajoto chake kinaning'inia hewani ndani ya friji, hakijagusa ndoo. Kwa hiyo kabla ya kulaumu mapishi, linganisha kazi yako na vipimo hivi: haidromita (kifaa cha kupima uzito wa maji ya kimea, ambao hushuka sukari ikigeuka kileo) isome 1.046 hadi 1.050 kabla ya kutia hamira na 1.008 hadi 1.012 mwishoni, bia ichachuke kwenye nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi, ikikaribia kumaliza ipandishwe hadi 16 au 18 kwa siku mbili tatu, kisha ilazwe kwenye nyuzi 0 hadi 2 kwa wiki nne hadi sita. Ukitoka nje ya hapo, anza kutafuta kosa hapo hapo.

Jambo moja la kisheria kabla hatujaendelea: Kenya, kutengeneza kileo cha kuuza kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010. Leseni itangulie, sufuria ifuate.

"Nimetia hamira, leo siku ya pili, kimya"

Usiongeze kitu bado. Hamira ya baridi huchukua saa 24 hadi 48 kuamka, na huo si ugonjwa. Kisha bonyeza mfuniko wa ndoo kidogo. Maji ya kizibo cha kutolea gesi yakipanda halafu yakashuka polepole, mfuniko unavuja na gesi inatokea pembeni, ndiyo maana huoni mapovu. Haidromita ndiyo itakayosema kweli: ikiwa 1.048 imekuwa 1.044, kazi imeanza.

Namba zikiwa hazijasogea baada ya saa 72, sababu ya kwanza ni hamira kidogo. Pakiti moja ya gramu 11.5 haitoshi lita 20 kwenye baridi ya nyuzi 10, tia mbili. Ya pili ni hamira iliyokufa njiani. Kifurushi kilichotoka Nairobi kwa basi na kulala ghalani Mwembe Tayari mwezi wa Februari kimepikwa tayari, hata kama tarehe ya mwisho iko mbali. Ijaribu: kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji ya kimea yaliyochemshwa na kupoa hadi vuguvugu. Isipoonyesha uhai wowote ndani ya saa moja, tafuta nyingine. Ya tatu ni baridi kupita kiasi. Acha ndoo ipande hadi nyuzi 14, mapovu yaanze, kisha ishushe taratibu. Ya mwisho ni ukosefu wa hewa, kwa sababu kuchemsha hufukuza oksijeni yote. Tikisa ndoo kwa nguvu dakika chache kabla ya kutia hamira. Ikishaanza kuchachuka usiitikise tena kamwe, bia itanuka kama karatasi ya boksi.

Hamira ya mandazi isikushawishi. Itachachusha, naam, lakini utakachopata si pilsner.

Ukifungua ukakuta utando mweupe juu na harufu ya siki kabla hata povu halijatokea, vijidudu vimeiwahi hamira. Mwaga, osha, anza upya.

"Ina harufu ya ndizi" au "inanuka rangi ya kucha"

Hapa ndipo Mombasa inapotushinda wengi. Harufu ya matunda na ile ya rangi ya kucha hutokana na hamira iliyofanya kazi kwenye joto, hasa siku tatu za mwanzo. Sababu zake kwa mpangilio wa wingi ni hizi.

Hamira ilitiwa kabla maji ya kimea hayajapoa vya kutosha. Koili ya shaba ya kupozea haiwezi kupoza chini ya joto la maji yanayopita ndani yake, na maji ya tangi la juu ya paa wakati wa kaskazi ni vuguvugu tangu bombani. Utafika nyuzi 35, labda chini kidogo, halafu koili haikusaidii tena. Wengi huchoka hapo wakatia hamira, wakaiachia friji imalizie. Friji itachukua usiku kucha kushusha lita 20, na kufikia asubuhi hamira imeshaharibu. Poza kwa hatua mbili: kwanza maji ya bomba, halafu zungusha maji ya barafu kwenye koili kwa pampu ndogo. Barafu ya kupozea samaki inafaa na ni rahisi kupatikana, mradi ibaki upande wa nje wa koili. Maji yake yasiguse bia hata tone. Huna pampu? Funga ndoo safi, iweke kwenye friji usiku mzima, utie hamira asubuhi ikiwa nyuzi 10 au 12. Kusubiri saa kumi kwenye ndoo iliyouliwa vijidudu vizuri si hatari kama kutia hamira kwenye joto.

Kipimajoto kinapima hewa. Bia inayochachuka hujitengenezea joto, hivyo hewa ya friji inaweza kuwa 11 na bia yenyewe 15. Chukua ncha ya kipimajoto, ibandike ubavuni mwa ndoo chini ya kimo cha bia, juu yake weka kipande cha sponji kavu ya kuoshea vyombo, halafu zungusha utepe ibane. Sponji huizuia hewa, na ncha husoma ndoo. Ni kazi ndogo mno, na sijui marekebisho mengine yanayorudisha faida kubwa hivyo.

Friji inafunguliwa ovyo. Friji ya kuchachushia iwe yake peke yake. Ukichanganya na ya familia, tena Ramadhani, mlango hautulii kuanzia alasiri.

Stima ikipotea, usifungue mlango kuchungulia. Chupa mbili tatu za maji yaliyogandishwa, zilizosimamishwa kando ya ndoo, zitaishikilia saa kadhaa. Hamira ya ukoo wa 34/70, ile yenye asili ya Weihenstephan, Ujerumani, huvumilia kupanda kidogo kwa joto kuliko nyingine nyingi, na kwa hali yetu ndiyo ningemshauri mtu aanze nayo.

Harufu hizi zikishaingia hazitoki kikamilifu. Kuilaza baridini kutapunguza makali, si zaidi.

"Kama maji ya mahindi ya kuchemsha"

Kimea cheupe kina kitu ambacho kikipata joto hugeuka kuwa harufu ya mahindi au kabeji. Kuchemsha kwa nguvu huifukuza pamoja na mvuke, na kupoza haraka huizuia isizaliwe upya. Kwa hiyo swali la kwanza: je, ulifunika sufuria? Mvuke ukigonga mfuniko hurudi chini na harufu yake. La pili: moto. Lita 28 juu ya meko ya mtungi wa kilo 6 unaokaribia kuisha hutokota tu, hazichemki. Unataka maji yabingirike, dakika 90, bila mfuniko. La tatu ni upozaji, nao tumeshauzungumzia.

Ikiwa ulichemsha vizuri na harufu ipo pamoja na uchachu, ni vijidudu. Hiyo haina dawa.

"Ina siagi, au bisi za sinema"

Hii ni diasetili. Hamira huitoa yenyewe, na ikiachwa na joto kidogo huila tena yenyewe. Sababu kubwa ni haraka: mtu kaona mapovu yametulia, kaishusha bia hadi nyuzi 2, na hamira ikalala kabla ya kufagia.

Usibahatishe, pima. Chota bia kwenye glasi mbili, zifunike. Moja iache ilivyo, nyingine iweke kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 hadi 70 kwa dakika 20 au 30, kisha ipoze ilingane na mwenzake. Nusa. Zote mbili zikiwa safi, unaweza kushusha baridi. Iliyopashwa ikinuka siagi na nyingine hainuki, siagi bado imejificha ndani na itakutokea wiki zijazo. Acha bia kwenye nyuzi 16 hadi 18 siku mbili tatu zaidi, upime upya. Zote zikinuka, hali ni hiyo hiyo, ila usubiri zaidi.

Umeshailaza baridini na siagi imetokea? Irudishe kwenye nyuzi 18 ikiwa bado ina hamira chini. Ikiwa imeshachujwa, tia maji ya kimea yaliyoanza kuchachuka kwa nguvu, kama nusu lita hadi lita moja kwa ndoo ya lita 20.

Siagi inayoongezeka wiki hadi wiki, au inayokuja na ukali wa siki, si ya hamira. Ni vijidudu, na mara nyingi makao yao ni mpira wa kutolea bia au bomba la kegi, yaani pipa la chuma la bia. Mpira haugharimu sana. Utupe.

"Mayai viza!"

Tulia. Hamira za baridi hutoa harufu ya salfa, na hutoweka bia ikilazwa. Ikiwa ipo hata baada ya wiki sita, angalia kama ulitia hamira ya kutosha. Zaidi ya hapo hakuna la kufanya.

"Inakwaruza koo", "inanuka plasta ya hospitali"

Haya ni maji, na hapa lazima tukae kidogo.

Kisiwa na pwani yake vimekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya kisima yanayopita humo hubeba chokaa, na karibu na bahari hubeba chumvi pia. Ya bomba yanatoka mbali, Mzima, Baricho au Marere, na hutiwa klorini. Ya mkokoteni yanaweza kuwa hayo au yale: mtungi ni ule ule, muuzaji ni yule yule, na wiki hii maji ni mengine. Ukitengeneza bia mbili kwa mapishi yale yale zikatofautiana kama usiku na mchana, muulize mwenye mkokoteni alichota wapi.

Majaribio ya bure: tazama ndani ya birika. Ukoko mweupe ni chokaa. Osha mikono, sabuni ikikataa kutoa povu, ni chokaa tena. Onja maji baridi. Ulimi ukisikia chumvi, usiyatumie kabisa, kwa sababu kuchemsha hakuondoi chumvi. Kuchemsha huondoa sehemu ya chokaa, ile inayoganda chini, na hapo unamimina maji ya juu polepole.

Harufu ya plasta au dawa ya hospitali ni klorini iliyokutana na kimea na hamira. Kibonge kimoja cha metabisulfiti, dawa ya kuondoa klorini, kinatosha kama lita 75. Kwa lita 20 robo ya kibonge inatosha. Kisage, koroga, subiri dakika chache. Kama harufu imebaki, chunguza dawa ya kufulia yenye klorini: kuna anayesafisha ndoo kwa hiyo na kuisuuza mara moja tu.

Uchungu unaokwaruza na kukausha ulimi husababishwa na chokaa inayopandisha pH (kipimo cha asidi, kikipanda asidi imepungua) ya mchanganyiko wa kimea na maji. Inatakiwa iwe 5.2 hadi 5.5. Nunua karatasi za kupimia. Njia rahisi kwa hapa ni maji yaliyochujwa ya maduka ya kujaza mitungi, kisha uyarudishie madini kidogo: gramu 2 za kalsiamu kloridi na gramu 2 za jasi kwa kila lita 20 hutoa kalsiamu kama miligramu 50 kwa lita, nayo inatosha. pH ikikataa kushuka, Wajerumani hutumia kimea chenye asidi, kwa sababu sheria yao ya bia, ile ya Bavaria ya 1516, iliacha viungo vichache tu. Kila asilimia 1 ya kimea hicho hushusha pH kama 0.1. Kwa pilsner asilimia 2 au 3 kwa kawaida zinamaliza kazi.

Maji yakiwa sawa na ukakasi upo, umesuuza kimea kwa maji ya moto kupita nyuzi 77, au umesuuza hadi maji yanayotoka yakawa mepesi chini ya 1.010. Simama kabla ya hapo.

Na kimea chenyewe: unyevu wa huku hukilegeza. Tafuna punje. Ikikatika kwa mlio, salama. Ikitafunika kama mkate wa jana, imenyonya unyevu. Ukiona fukusi au ukisikia harufu ya uvundo, usikihurumie. Weka kimea kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, hopsi kwenye friza. Hopsi zilizokaa na joto hunuka jibini.

"Haing'ai"

Acha glasi ipate joto la chumbani. Utusitusi ukiondoka, ni protini na vitu vya maganda vilivyoshikana kwa baridi. Hauna madhara, na wiki mbili zaidi kwenye nyuzi 0 huusafisha. Ukibaki, ni hamira isiyotua au wanga. Wanga hupimwa siku ya kupika: tone la maji ya kimea kwenye sahani nyeupe, tone la iodini ya duka la dawa. Likigeuka buluu nyeusi, endelea kuloweka kimea. Ulichopima mwaga, usirudishe sufuriani.

Wanaochemsha na mwani mwekundu kwa dakika 10 au 15 za mwisho hupata bia safi zaidi. Kiini chake ni karajinani, kile kile kinachopatikana kwenye mwani unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni, Kwale, ingawa wa shambani haujaandaliwa kwa kazi hii, kwa hiyo usiuchovye mbichi. Jelatini ni njia nyingine: nusu kijiko cha chai, iyeyushwe kwenye maji ya nyuzi 65 bila kuchemshwa, imiminwe kwenye bia iliyo chini ya nyuzi 5.

Utusitusi unaozidi kila wiki pamoja na uchachu au utelezi kama wa bamia ni vijidudu.

"Inaruka ikifunguliwa", "chupa imepasuka"

Chupa moja ikishapasuka, simama. Usiende kuzigusa nyingine kwa mikono mitupu, usizipange upya, usiruhusu mtoto kuingia humo. Vaa miwani ya kazi, glavu nene na mikono mirefu, funika kreti kwa blanketi zito au magunia, uizungushie baridi ya barafu bila kuitikisa, na baada ya kupoa kabisa ndipo ufungue moja moja huku kitambaa kimefunika mdomo wa chupa. Kioo kikiingia jichoni usikitoe wala usisugue, nenda hospitali.

Chanzo cha kwanza ni kufunga chupa kabla ya bia kumaliza. Haidromita isome namba ile ile siku tatu mfululizo, na namba hiyo iwe karibu na 1.010. Ikisimama 1.018 haijamaliza, imelala. Ipandishe hadi nyuzi 18. Cha pili ni sukari: gramu 6 hadi 7 za sukari ya mezani kwa lita, yaani kama gramu 130 kwa lita 20, zilizopimwa kwa mizani. Sukari itiwe yote kwenye bia, ikorogwe polepole. Kijiko kwa kila chupa ndicho huleta chupa moja bapa na jirani yake bomu. Cha tatu ni vijidudu vinavyokula hata ambavyo hamira imeviacha. Cha nne, chupa za kutupwa zenye kioo chembamba.

Jaza chupa moja ya plastiki ya soda pamoja na za kioo. Ikishakuwa ngumu kama jiwe ukiibinya, gesi imetosha. Hamishia zote kwenye baridi.

Bia bapa haina hatari: mara nyingi ni vizibo visivyobana, au hamira iliyochoka baada ya kulazwa muda mrefu. Weka chupa mbili kwenye joto la chumbani wiki moja zaidi kabla ya kuamua.

"Harufu ya kicheche"

Mwanga wa jua umegonga hopsi. Chupa nyeupe na za kijani haziilindi, na jua letu halihitaji hata nusu saa. Tumia za kahawia, zifunike wakati wa kubeba.

Friji, stima na gesi: wapi uache na uite fundi

Friji isiyoshuka chini ya nyuzi 6 ikaguliwe kwanza kwa macho. Je, ina nafasi ya hewa nyuma? Waya za nyuma zimefunikwa na vumbi na kutu ya hewa ya bahari? Ichomoe ndipo usafishe, kwa brashi laini. Mpira wa mlango ushike noti. Ikichomoka bila kukwama, mpira umechoka. Baada ya stima kurudi, kompresa isubiri dakika 3 hadi 5. Vidhibiti vingi vya joto vina mpangilio wa kuichelewesha.

Usichokonoe barafu ya friza kwa kisu. Ukitoboa bomba, gesi huvuja, na friji nyingi za sasa hutumia gesi inayowaka. Ukisikia mvumo wa kuvuja, usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Fungua madirisha, toka nje, ita fundi wa friji. Kulehemu bomba la gesi si kazi ya nyumbani.

Ukiguswa na shoti, hata ndogo, kwenye mlango wa friji au kwenye sufuria ya umeme, au soketi ikiwa ya moto na inanuka kuungua, zima kwenye swichi kuu na mwite fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Sakafu ya kupikia bia huwa na maji siku zote, na waya wa ardhi usiofanya kazi hautakupa onyo la pili.

Lita 20 za bia hutoa kama lita 400 za kaboni dayoksaidi hadi zikimaliza. Stoo yenye dirisha haitadhurika, lakini ndoo nyingi kwenye chumba kilichofungwa, au mtungi wa gesi ya kegi unaovuja, ni habari nyingine. Ukiingia ukasikia kichwa kizito au pumzi fupi, rudi nyuma mara moja na uache mlango wazi. Kegi usiifungue kabla ya kuachia presha yote. Mtungi wenye kutu, au uliowahi kuanguka na valvu ikapinda, usijaribu kuukaza kwa spana. Upelekwe kwa muuza gesi aupime kabla haujajazwa tena.